Nyumba Zinazosema Mchana

Jina la Chiriku alipewa na mama yake mkubwa, kwa sababu alianza kusema kabla hajaanza kutembea, na tangu hapo hakufunga mdomo ila alipolala. Mama mkubwa alikuwa na haki ya kumpa jina. Mama mzazi wa mtoto yule alifariki Chiriku angali ananyonya, na dada mtu ndiye aliyembeba, akamlea, akamkanya, akamkinga na mvua na maneno ya watu, ingawa usiku mtoto alilala kwa baba yake, mtaa wa pili. Baba alikuwa fundi redio. Watu walimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote duniani walikuwa wanabahatisha.

Mji wao ulikuwa mdogo, na jiji lilikuwa karibu. Lilikuwa karibu kiasi kwamba jioni mwanga wake ulitanda upande mmoja wa anga kama moto wa mtu mwingine. Karibu kila mtu mzima mwenye nguvu zake alifanya kazi huko. Treni ya kwanza iliondoka kabla hakujapambazuka na ya pili ikafuata jua likichomoza, na baada ya hapo mji ulibaki mtupu kama debe lililomwagwa. Waliobaki ni watoto, wagonjwa wachache, kinyozi, mkata tiketi wa stesheni, na Fundi katika karakana yake iliyonuka risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa.

Nyumba zilijengwa zamani na kampuni ya reli kwa ajili ya wafanyakazi wake, zote sura moja, zimepangwa safu kwa safu. Milango yake ilikuwa na vitasa vya kufungwa kwa ufunguo, hivyo mtu aliyesimama nje hakuweza kujua kama mlango umefungwa na aliyetoka au na aliyeko ndani. Wezi walipenda sana nyumba hizo. Kisha ikatokea kwamba mtu mmoja, kwa haraka ya kuwahi treni, akasahau kuzima redio, na siku hiyo nyumba yake peke yake katika safu nzima haikuguswa. Kuanzia kesho yake jirani akaiga, na jirani wa jirani naye akaiga, mpaka ikawa hakuna mtu wa mji ule aliyetoka kwenda kazini bila kuwasha redio kwanza, kama vile asivyotoka bila viatu.

Stesheni moja tu ya redio ndiyo iliyosikika pale bila mikwaruzo. Kwa hiyo mchana kutwa mji mzima ulisema jambo moja kwa sauti moja, sauti ya mtangazaji mwenye koo zito ambaye hakukohoa hata siku moja. Mtu akitembea barabarani, sentensi ilianzia nyumba ya kwanza, ikamsindikiza nyumba ya pili na ya tatu bila kupoteza hata neno, na mwisho wake ukamkuta kwenye kona. Wageni walipata kizunguzungu. Watoto wa pale waliona ni kawaida, na walijifunza sheria yake kabla ya kujifunza kusoma: redio ikisema, nyumba haina mtu, usipige hodi, nyumba ikiwa kimya, mna mtu, piga hodi. Kinyozi alikuwa akisema kwamba wezi wa jiji wameshaijua siri hiyo zamani, na kwamba siku hizi wanakuja kusikiliza taarifa ya habari tu, wakiridhika nayo wanabeba na redio yenyewe.

Chiriku alipokuwa mdogo kabisa aliamini kwamba mtangazaji yule anaishi katika nyumba zote, na kwamba watu wanapoondoka asubuhi huja kuwalindia. Alimwita Mjomba wa Mchana. Mgeni mmoja alipomuuliza anashinda na nani, alijibu kwamba anashinda na mjomba wake, na alipoulizwa mjomba yuko wapi, alionyesha mtaa mzima kwa mkono. Mama mkubwa alipohadithiwa hayo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga yake. Lakini alipomaliza kucheka alimvuta mtoto karibu.

"Msikilize, lakini usimjibu," alimwambia. "Anayeijibu redio, wa nje wanajua yuko peke yake."

Mama mkubwa mwenyewe alikuwa mfuaji katika hospitali kubwa ya jijini. Alifua na kupiga pasi mashuka, akiondoka na treni ya kwanza na kurudi jioni akinukia mvuke na sabuni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kicheko kingi. Alikaa peke yake, mumewe alikuwa amekwenda kutafuta maisha na maisha yakampoteza, na upendo wake wote aliumimina kwa mtoto wa mdogo wake. Nyuma ya nyumba alipanda mboga katika makopo, na kazi ya kuzimwagilia, wakati wa likizo, ilikuwa ya Chiriku.

Siku yenyewe Chiriku alikuwa amemaliza darasa la nne. Alikwenda asubuhi na kopo lake la maji, anajisemea njia nzima kama kawaida yake, akazunguka nyuma ya nyumba ya mama mkubwa. Redio ilikuwa inasema. Ulikuwa wakati wa matangazo ya vifo, na mtangazaji alikuwa anayasoma taratibu, kwa ile heshima yake ya kila siku. Familia fulani inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao. Chiriku akainamia kopo la kwanza. Ndipo aliposikia, nyuma ya sauti ya mtangazaji, sauti ya pili ikiyafuata maneno yale yale.

"Inasikitika," ilisema. "Kutangaza kifo."

Alisimama, maji yakamwagikia miguuni. Akasikiliza tena. Mtangazaji alitaja ndugu wa marehemu walioko mbali, na ile sauti ikasema: walioko mbali. Haikuwa sauti ya kiume wala ya kike. Ilikuwa kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi. Chiriku alikwenda mpaka nyuma ya nyumba ya jirani, akatega sikio: sauti ilikuwa moja. Akaenda nyumba ya pili yake: moja. Akarudi kwa mama mkubwa: mbili, moja mbele na nyingine inajikokota nyuma yake.

Mtoto ambaye hakujua kunyamaza alikwenda kimya mpaka karakanani kwa baba yake.

Fundi alimsikiliza vizuri, kwa maana hilo lilikuwa swali la kazi yake. Aliweka chini chuma cha kulehemu, akamuuliza maswali kama daktari. Je, hiyo sauti ya pili inakuja pamoja na ya kwanza au inachelewa? Ni nzito kuliko ya kwanza au nyembamba? Inakwaruza? Chiriku alijibu yote. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema ni spika hiyo, karatasi yake imepasuka na sasa inatetemeka ovyo. Shemeji akirudi jioni aje nayo.

"Baba, redio inaweza kusema kitu kimoja mara mbili?"

"Ikiwa mbovu, mwanangu, inaweza hata kuimba ikiwa imezimwa."

Akarudi kwenye kazi yake. Jibu lile lilikuwa la fundi hodari, na lilikuwa sahihi kwa redio nyingi sana.

Chiriku hakuridhika. Alikwenda stesheni. Mkata tiketi alikuwa dirishani pake anapanga vipande vya tiketi za jana, na msichana alipomuuliza kama mama mkubwa alipanda treni ya kwanza, alijibu bila kuinua kichwa. Kapita, alisema, mbona kapita. Kamsalimia, naye kamwitikia, kama siku zote. Hakuwa anadanganya. Alikuwa amesalimiana na mwanamke yule kwa miaka mingi, dirisha lile lile, gizani, kiasi kwamba salamu ile ilishajitegemea na haikumhitaji tena mwenyewe kuwepo.

Chiriku alirudi kwa mwendo wa mtu anayetumwa asikotaka. Kama mama mkubwa angekuwa ndani, lingekuwa jambo la kutisha, lakini lingekuwa na jina. Sasa ilikuwa imethibitishwa kwamba mama mkubwa yuko jijini, anapiga pasi mashuka. Basi huyo aliyebaki nyumbani kwake, anayerudia maneno ya vifo, alikuwa nani?

Alipitia mbele safari hii. Pazia lilikuwa limeshushwa. Alisimama chini ya matundu ya hewa, mgongo ukiwa ukutani, na ukuta ulikuwa umeanza kupata moto wa jua. Mtangazaji alikuwa anasema habari za hali ya hewa. Mawingu kiasi, alisema, na mvua nyepesi. Kitambo kikapita, kisha ile sauti ikasema, kwa uchovu zaidi kuliko asubuhi: nyepesi. Kipindi kikabadilika, mtangazaji akawasalimu wasikilizaji wake upya, akawauliza habari za mchana.

"Za mchana," ilisema ile sauti, karibu sana, kana kwamba imesogea mlangoni.

Chiriku alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri, na salamu huitikiwa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akakumbuka alivyokanywa, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akakimbia mpaka barabara ya maduka, ambako kulikuwa na watu.

Watu wenyewe walikuwa wawili. Kinyozi alikuwa amemkalisha mkata tiketi kitini, maana huo ulikuwa muda mfu kati ya treni na treni, na mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma kichwani pake. Karakana ya Fundi ilitazamana nao. Chiriku alikaa kwenye kizingiti cha kinyozi, amejikunja, na kinyozi akamuuliza kulikoni leo, huyu ndege kameza jiwe? Kutoka pale, nyumba ya mama mkubwa ilikuwa ya kwanza kwenye safu, na redio yake ilisikika pamoja na nyingine zote. Matangazo ya vifo yalikuwa yanarudiwa, kama ilivyokuwa desturi yake kila mchana. Mtangazaji alifika alipofika asubuhi. Akasema kwamba mazishi yatafanyika, na hapo umeme ukakatika.

Umeme ulikatika mara nyingi katika mji ule, lakini aghalabu jioni, watu wakiwa wamerudi na kila nyumba ina kelele zake. Mchana, kimya kile kilikuwa kitu kingine. Sauti ilitoweka katika nyumba zote kwa mara moja, katikati ya sentensi. Kuku waliinua vichwa. Mashine ya kinyozi ilikufa ikiwa nusu ya safari, na mkata tiketi akabaki na upande mmoja uliong'aa na upande mmoja wenye nywele. Fundi alitoka nje, kama alivyotoka kila umeme ulipokatika, ili ajue kama kosa ni lake au ni la mji. Kulikuwa na kimya kiasi cha kusikia mabati yakilia kwa jua.

Kutoka nyumba ya kwanza kwenye safu, sauti ikasema:

"Yatafanyika."

Ikapumua. Wote wanne waliisikia ikipumua.

"Yatafanyika," ikasema tena.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kupata ulimi wake. Alisema, kwa sauti ya chini isiyo yake, kwamba hiyo ni ya betri. Fundi akaanza kukubali; kichwa chake kilikuwa kimeshainama. Kisha kikasimama hapo hapo kilipokuwa. Redio ile aliijua ndani na nje. Sehemu yake ya betri aliing'oa yeye mwenyewe, springi na vyote, alipokuwa anatafuta kipuri cha redio ya mtu mwingine, na shemeji yake akamwambia chukua tu, umeme unanitosha.

"Ile haina betri," alisema Fundi.

"Lakini kapita," alisema mkata tiketi. "Kanisalimia."

Fundi alikuwa ameshaanza kukimbia, na chuma chake mkononi.

Kitasa kiligoma. Kinyozi na mkata tiketi walipiga mlango kwa mabega, mmoja na aproni yake, mwingine na kitambaa cheupe kikipepea shingoni na nusu ya kichwa ikiwaka jua, na siku nyingine yoyote mtaa ungecheka mpaka ulale chini. Mlango ulipofunguka walimkuta kati ya meza na mlango. Alikuwa amevaa viatu vya kazini. Mkoba ulikuwa bado begani. Alikuwa ameshawasha redio na kugeuka kutoka, na hapo mwili ukamsaliti upande mmoja, akaanguka, na tangu alfajiri alilala pale akisema. Shavu lilikuwa limelalia sakafu, na midomo ilikuwa inagusa saruji kila iliposema neno lile.

Wanaume walisimama. Chiriku alipenya chini ya mikono yao, akapiga magoti. Hakujua mtu hufanya nini wakati kama ule, hivyo akafanya alichokijua.

"Mama mkubwa, ni mimi. Chiriku."

Jicho moja lilimtafuta, likampata. Lile neno la mazishi likaisha.

"Ni mimi," ilisema ile sauti ya mtungini. "Chiriku."

Alipelekwa jijini na treni iliyofuata, katika hospitali ile ile, na inawezekana kabisa kwamba shuka alilolalia alilipiga pasi mwenyewe wiki hiyo. Alikaa huko mpaka msimu ukabadilika. Aliporudi aliweza kutembea kwa fimbo, mkono wa kulia ukining'inia, na akachukuliwa nyumbani kwa Fundi, nyuma ya karakana. Lakini maneno yake hayakurudi naye. Daktari alieleza kwamba ugonjwa ule wa kupooza umemharibu mahali maneno yanapotengenezwa, ukamwachia mahali yanapopokelewa. Anaweza kusema alichokisikia sasa hivi, na si zaidi. Huenda mengine yakarudi. Huenda yasirudi. Hapo daktari alifunga mafaili yake.

Mji ulikuja kumwona, watu wakiingia kwa zamu jioni baada ya treni. Waliokuja walimuuliza hujambo, naye akawauliza hujambo. Walimpa pole, akawapa pole. Wengine waliona raha kidogo, wengine waliogopa, na wote hawakukaa sana. Ni kinyozi aliyetoa kauli iliyobaki. Aliitoa kwa mazoea, mbele ya wateja, bila ubaya moyoni, kwa kuwa ulimi wake ulizoea kukimbia mbele yake. Redio inasema, alisema, lakini mwenye nyumba hayupo.

Watu walicheka, kisha wakaona aibu. Kinyozi mwenyewe alikuja kuomba radhi, na Fundi akamwambia yamekwisha, ila kwa muda mrefu alijinyoa mwenyewe nyumbani, vibaya. Chiriku hakuambiwa yamekwisha na mtu. Maneno yale yalimkaa kama mwiba wa samaki kooni, hayashuki wala hayatoki, maana yalikuwa yameuliza kwa sauti kile alichokuwa akijiuliza mwenyewe kila siku kitandani. Yumo, au hayumo?

Alianza kumtafuta. Jioni alikaa naye, akashika mkono wake mzima, wa kushoto, na yule mtoto msemaji akawa muuza sentensi. Nina kiu, alisema. Nina kiu, alisema mama mkubwa, na mkono ukatulia. Mto uko chini mno. Mto uko chini mno, na mkono ukambana kidole. Basi Chiriku akauinua mto. Kwa njia hiyo alimvisha, alimlisha, alimkuna mgongo mahali penyewe, na aliweza kumwambia baba yake kwamba leo mama mkubwa hataki kusikia mpira. Fundi aliamini. Alisema hata redio, ukiiwekea mkono, unajua kama ina moto.

Lakini zilikuwepo siku ambazo mkono ulibana kwa kila neno, au haukubana kwa lolote, au ulibana kwa habari za mvua. Chiriku alirudi kutoka shule akasikia kutoka uani redio zote za karakana na nyuma yake ile sauti ikizifuata, inasifu sabuni ya unga, na alipoingia alikuta machozi yametiririka mpaka kidevuni. Sabuni haimlizi mtu. Au kwa mtu aliyefua maisha yake yote humliza? Hakukuwa na wa kumuuliza. Siku moja alipokuwa amechoka na amekasirika, alisimama mbali naye mlangoni, akasema polepole, kwa kusudi:

"Simjui mtoto huyu."

"Simjui mtoto huyu," alisema mama mkubwa, akimtazama usoni.

Chiriku alitoka nje akakaa nyuma ya karakana mpaka jua likazama. Hakuwa amemshika mkono, kwa hiyo hakujua. Hakuijaribu tena sentensi ile, na mtu akimuuliza leo ni kitu gani katika utoto wake kilichomtisha kuliko vyote, hataji sauti ya nyuma ya pazia. Anataja hiyo.

Mji haukuacha redio zake. Wezi walikuwepo, na kazi ilikuwa jijini. Lakini jambo moja liliongezeka bila kuamriwa na mtu. Umeme ukikatika mchana, wale wachache waliobaki hutoka nje, kila mmoja mlangoni pake, husimama na kusikiliza nyumba. Hawasemi. Wakisharidhika hurudi ndani. Mgeni aliyewahi kuwakuta hivyo alidhani amefika kwenye msiba, akavua kofia, akasimama nao.

Miaka ilikwenda. Fundi aliota mvi na karakana ikahamia karibu na stesheni, kwenye chumba chenye dirisha kubwa, kwa sababu macho yake yalikuwa yanaomba mwanga. Chiriku na mama mkubwa walirudi katika ile nyumba ya kwanza kwenye safu. Mlango ulikuwa umetengenezwa, ila alama ya mabega ilibaki kwenye ubao. Chiriku alimaliza shule. Akapata kazi jijini, katika kampuni moja ya malori, ya kupokea simu na kusema na wateja, na aliyemsaili alisema hajawahi kukutana na mtu aliyefaa zaidi kwa kazi ya kuongea. Ilipangwa kwamba Fundi atakuja kila mchana na chakula, na jirani atapita kabla ya treni ya pili. Kila kitu kilipangwa. Hakuna kilichokuwa kinamzuia, isipokuwa lile swali moja alilokuwa nalo tangu darasa la nne.

Asubuhi ya kwanza, kungali giza, alimkalisha mama mkubwa kwenye kiti chake, akamfunika magoti, akamwekea maji upande wa kushoto. Alivaa viatu. Alitia mkoba begani. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mji ule, na mkono wake ulikuwa umeona mikono ya wengine ikifanya hivyo maisha yake yote, akanyoosha mkono akawasha redio.

Mtangazaji alikuwa mwingine sasa, kijana, lakini koo lilikuwa la aina ile ile. Aliwatakia wasikilizaji wake asubuhi njema.

"Asubuhi njema," alisema mama mkubwa.

Chiriku alikuwa ameshashika kitasa. Alisimama. Alijiona amesimama mahali pale pale, kati ya meza na mlango, viatu vya kazini miguuni, mkoba begani, redio inasema mgongoni. Alijiona pia akiwa nje, chini ya matundu ya hewa, mdogo, mdomo ameuziba. Alitaka kurudi akae chini avue viatu. Nyuma yake fimbo iligonga sakafu.

Mama mkubwa alikuwa amenyanyuka. Alikwenda mpaka mezani, hatua ndefu na hatua fupi, akaegemeza fimbo kwenye nyonga, na mkono wa kushoto ukapapasa mbao za redio, ukapita kwenye kitambaa, ukapata kitufe, ukakizungusha mpaka kikalia. Nyumba ikawa kimya.

"Mama mkubwa," alisema Chiriku, "tukiiacha kimya, watu watajua kuna mtu ndani."

Akangoja maneno yake yarudi. Hayakurudi. Mama mkubwa alikuwa anamtazama, mdomo umefunguka kidogo, na shingo ilikuwa inafanya kazi kama ya mtu anayenyanyua ndoo kutoka kisima kirefu. Ilichukua muda. Chiriku hakumsaidia. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema, alinyamaza kwa kupenda mwenyewe.

"Nipo," alisema mama mkubwa.

Neno hilo hakuna aliyekuwa amelisema asubuhi ile, si redio, si Chiriku. Sauti ilikuwa bado ya mtungini. Lakini macho yalikunjamana pembeni, kama zamani kabla ya kicheko.

"Wapige hodi."

Chiriku alitoka akavuta mlango. Nje redio zilikuwa zimeshaanza, nyumba baada ya nyumba, watu wakitoka na kufunga na kuharakisha gizani. Alifuata safu kuelekea stesheni, na kijana wa redio alikuwa anasoma jambo fulani refu, na sentensi ilimsindikiza kama ilivyomsindikiza siku zote, haikupoteza hata neno. Alipofika mwisho wa safu alisimama akageuka. Aliisikiliza ikirudi nyuma kule alikotoka, nyumba kwa nyumba, mpaka mwanzoni kabisa mwa mtaa, ambako ilikatika. Palikuwa na kimya cha upana wa nyumba moja.

Kisha, kwa kuwa alikuwa amesimama na muda ulikuwepo, akazisikiliza na zile nyingine, moja moja, kama zina sauti ya pili. Hufanya hivyo mpaka leo.

Dirishani, mkata tiketi alikuwa amezeeka, karibu kustaafu. Chiriku alimsalimu. Yule mzee aliinua kichwa, akamtazama usoni mpaka akaridhika kwamba ni yeye, ndipo akaitikia.